Mnaomcheka Hasheem, kazi yake mnaijua?

Ukitaka kuvunja kijiwe chochote cha vijana hapa mjini, wala usiguse Simba na Yanga. Taja tu jina la Hasheem Thabeet, kisha kaa pembeni unywe kahawa yako. Dakika mbili nyingi. Mmoja atasema jamaa aliichezea bahati, mwingine atasema Wazungu walimchoka, na wa tatu, ambaye hajashika mpira wa kikapu tangu azaliwe, atakwambia bila kupepesa macho kwamba ingekuwa yeye, leo angekuwa jirani yake Stephen Curry.

Mimi nimechoka kunyamaza. Sababu ya kuchoka kwangu iko Kilosa, ni mpwa wangu, na ana urefu wa futi 6 na inchi 6. Nitafika huko. Kwanza tuwekane sawa kuhusu huyu mnayemcheka.

Hasheem ni kijana wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, aliyeanza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Alikwenda Marekani akasoma sekondari, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alizuia mipira ya watu mpaka wakampa tuzo ya mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Juni 2009 timu za NBA zilipochagua vijana wapya, Memphis Grizzlies wakamchukua yeye akiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu James Harden. Huyo Curry wenu alisubiri mpaka nafasi ya saba.

Basi hapo ndipo kelele zote zinapoanzia: kachaguliwa mbele ya Curry! Sasa jamani, yeye ndiye aliyejichagua?

Februari 2010, hata mwaka haujaisha, Memphis wakamshusha ligi ya chini, kwa Dakota Wizards. Hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kushushwa. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston, 2012 Portland, mwaka huohuo akatua Oklahoma City na kukaa misimu miwili. 2014 Philadelphia wakampokea na kumwacha papo hapo, Detroit wakamjaribu, nao wakamwacha kabla ligi haijaanza. Akashuka tena ligi ya chini, Grand Rapids. 2017 tunamkuta Yokohama, Japani. Msimu wa 2019/20 Fort Wayne, ligi ya chini tena. 2020 Hsinchu, Taiwan.

NBA alicheza mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Ni kidogo kwa mtu aliyechaguliwa wa pili, sibishi. Lakini kuna timu 30, na kila moja ina nafasi 15 za mkataba wa kawaida. Piga hesabu. Watu 450 dunia nzima, na kila mwaka wanakuja vijana wengine wenye njaa kuliko wewe. Kuna mikataba ya siku 10 kule, siku kumi tu, zikiisha wanakusalimia. Unaweza kulala mchezaji wa Memphis ukaamka wa Houston, hakuna aliyekuuliza. Ukienda nje ya Marekani ndiyo kabisa, maana ligi nyingi zina nafasi chache za wageni, na mgeni akifunga vibaya mechi tatu wanaanza kutafuta mgeni mwingine.

Turudi Kilosa. Wakati Hasheem anashushwa Dakota, sisi kwetu hatukuwa na habari naye. Mto Mkondoa ulikuwa umefurika mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, ukazoa nyumba, reli ya kati ikakatika, watu wakahamia kwenye mahema. Mpwa wangu alikuwa mchanga, anabebwa mgongoni ndani ya hema hilo. Nani angejua kwamba yule mtoto ataota miguu namna ile! Leo yuko kidato cha tatu, anaishi kwa bibi yake Kilosa, miguu inatokeza nje ya kitanda. Mama yake, yaani dada yangu, anauza chakula Mikumi pale malori yanapolala. Mtoto akienda likizo kwa mama yake, madereva wanamwita Mkumi, kwa ile miti mirefu iliyoupa mji jina.

Majuzi dada akanipigia simu. "Kaka, njoo. Kuna mtu anataka kumpeleka mtoto Ulaya."

Nikamuuliza, Ulaya ipi? Maana sisi tunayo ya kwetu, ukitoka Kilosa kwenda Mikumi unaipita. Hakucheka. Nikajua jambo ni zito.

Kwa taarifa yako, sisi Wasagara ukoo unakwenda kwa mama, na mjomba ana sauti yake kwa mtoto wa dada. Nikapanda treni ya umeme mpaka Kilosa. Nikamkuta mama amekwisha kaa kikao na majirani, shamba lake la mahindi kule Rudewa limepata mnunuzi. Huyo "wakala" aliona picha za video za kijana kwenye simu ya mtu, akataka shilingi milioni tatu za kuanzia. Za viza, za daktari, na za kumfungulia faili. Timu gani? Atasema baadaye. Nchi gani? Inategemea.

Kijana alikuwa amekaa kimya mkekani, magoti yamefika kidevuni. Akasema neno moja tu: "Mjomba, Hasheem si alifika?"

Alifika, nikamwambia, lakini hebu tazama alipitia wapi. Shule, halafu chuo, halafu wenye mpira wakamtafuta wao. Timu inayokutaka ndiyo inayokukatia tiketi. Hakuna timu duniani inayomlipisha bibi wa Rudewa.

Mama akauliza, "Na akiachwa huko?" Hilo ndilo swali ambalo kijiweni hawaulizi. Sikuwa na jibu la haraka, nikasema kesho naenda kwa dada, tutazungumza wote.

Mikumi, msomaji wangu, kama hujalala pale hujui usiku wa malori. Breki zinalia, vitunguu vinakaangwa, utingo wanagombania ndoo za kuogea. Kwenye benchi la dada alikuwepo dereva wa siku nyingi, anapeleka tela Lubumbashi. Tukawa tunabishana kuhusu kijana, naye akasikia.

"Mimi nimeendesha magari ya matajiri saba kwa miaka ishirini," akasema. "Tajiri wa tatu alinishusha hapahapa Mikumi, gari akampa utingo wangu. Nikalala siku nne kwenye benchi hili, dada yako shahidi. Siku ya tano nikapata gari la mtu mwingine. Mbona hamuniiti mtu aliyeshindwa?"

Dada akatikisa kichwa kwamba ni kweli, na kwamba zile sahani za siku nne zililipwa.

Halafu dereva akanikumbusha kwamba huko anakokwenda ndiko kwao Bismack Biyombo. Wanaozungumza Kiswahili kama sisi! Biyombo alitoka Kongo akiwa kijana mdogo akacheza Yemen, nchi ambayo kijiweni hakuna anayeiota kwa kikapu, kisha Hispania. Mwaka 2011 alichaguliwa wa saba, akaanza Charlotte. Akaenda Toronto, Orlando, akarudi Charlotte, kisha Phoenix, Memphis, Oklahoma City, San Antonio. Hajawahi kuwa mfungaji wa kutisha, kazi yake ni kuzuia na kuokota mipira. Msimu wa 2021/22 alitangaza kuutoa mshahara wake wote wa Phoenix kujenga hospitali kwao, kwa heshima ya marehemu baba yake. Huyo naye ni mtu wa kuhamahama. Sijasikia anachekwa.

Kwa maoni yangu tofauti ni ile namba mbili tu. Hasheem angechaguliwa wa hamsini, hizo timu zote na mabara mawili zingekuwa sifa.

Kwa hiyo nilichomwambia mpwa wangu siyo kwamba ndoto ni mbaya. Nilimuuliza kama anaweza kuachwa. Kuambiwa Jumanne asubuhi kwamba hutakiwi, uko mji wenye theluji, hujui lugha, mama yako yuko Mikumi anageuza chapati, na Alhamisi uwe umeshapata pa kufanyia mazoezi. Hasheem aliweza hilo zaidi ya mara tano. Kijana akasema anaweza. Nikamwambia sawa, basi kwanza maliza kidato cha nne, na Kiingereza chako cha alama D ukipandishe, maana huwezi kusoma mkataba kwa urefu.

Shamba halikuuzwa. Mimi nimejitwisha viatu, namba 49, na naomba yeyote anayevijua vinakopatikana anishtue, kwani Morogoro nzima sikuviona na Karume wananitazama kama mwendawazimu.

Wakala alipiga tena simu, bei imeshuka, sasa milioni moja na nusu. Dada akamwambia alete kwanza barua ya timu. Hajapiga tena.

Kijana amenuna, mpaka naandika haya hapokei simu yangu. Bibi yake anasema anakula vizuri tu.