Kubadilishana wachezaji bila kuidanganya kompyuta

Wenzangu wengi hapa Nakivale wakisikia gemu wanafikiria mpira wa miguu tu. Mimi na binamu yangu, ambaye kwa umri namwita yaya, tunacheza besiboli. Diski ya MLB The Show 22 ilikuja pamoja na mashine ya mtumba kwenye kibanda cha gemu cha jirani, hakuna aliyeitaka, kwa hiyo asubuhi mwenye kibanda anatupunguzia bei. Na besiboli Uganda si ngeni kama mnavyodhani. Mwaka 2011 vijana wa Kampala walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa sababu umri na tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi havikulingana. (Habari za tarehe za kuzaliwa nyie mnazijua.) Mwaka uliofuata wa Lugazi walifika, timu ya kwanza kutoka Afrika.

Lakini leo nataka kuongea kuhusu ile sehemu ya gemu ambayo wewe ni meneja mkuu wa klabu, misimu kwa misimu. Kwenye mpira wa miguu klabu inanunua mtu kwa pesa. Besiboli ya Marekani mara nyingi ni mtu kwa mtu: nipe mrushaji wako, chukua chipukizi wangu wawili. Sasa kompyuta ukiicheza wiki mbili unaujua udhaifu wake. Unarundika chipukizi wa wastani, inahesabu alama na umri, inakubali, nyota anakuja kwako. Baada ya msimu mmoja una mastaa watupu, unashinda kila siku, na utamu umeisha.

Ndiyo tukaweka sheria yetu. Mmoja akitaka kubadilishana, mwenzake anashika upande wa pili, na lazima aseme kwa mdomo kwa nini klabu ile ikubali. Akikosa sababu, hakuna kubonyeza.

Tulijaribu kwanza na Juan Soto, maana kwenye diski yetu bado yuko Washington Nationals. Nikamuuliza: “Yaya, mtu ana miaka 23, ameshachukua ubingwa 2019, unamtoaje?” Akaniambia nisome mkataba. Soto alikuwa amekataa dola milioni 440 kwa miaka 15, na baada ya msimu wa 2024 angekuwa huru kwenda popote. Washington walikuwa wanashuka. Ukingoja mpaka mwisho, unabaki mikono mitupu. San Diego Padres wao walitaka ubingwa sasa hivi. Kweli, Agosti 2022 walimchukua Soto pamoja na Josh Bell, wakatoa watu sita, wakiwemo CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana wa ligi ndogo. Leo hao watatu wote wameshaitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Hayo ndiyo mabadilishano ya kweli: kila upande unaumia, na kila upande una hesabu yake.

Halafu kuna kipande ambacho mimi nakipenda zaidi. Mpango wa kwanza ulikuwa na mtu mwingine, Eric Hosmer. Mkataba wake ulikuwa na orodha ya klabu ambazo hawezi kupelekwa bila kukubali, na Washington ilikuwemo. Akasema hapana. Wakubwa wa klabu mbili, mamilioni ya dola, nchi nzima inangoja, na mtu mmoja akasema hapana. Ikabidi Luke Voit aingie mahali pake, na Hosmer akaenda Boston.

Haki kama hiyo watu waliipigania. Mwaka 1969 St. Louis Cardinals walimpeleka Curt Flood Philadelphia baada ya misimu 12 kwao. Alikataa. Akamwandikia mkuu wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, akaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na 1972 akashindwa. Mwaka uliofuata wachezaji wakapata kanuni: aliyemaliza miaka 10 kwenye ligi, na mitano ya mwisho akiwa klabu moja, hahamishwi bila ridhaa yake. Flood mwenyewe haikumsaidia kitu.

Basi tukaongeza upande wa tatu kwenye sheria yetu. Mmoja anashika klabu hii, mwenzake klabu ile, na wote wawili tunajibu kwa niaba ya mchezaji. Dada zangu na kaka zangu mnaofanya kazi za misaada, mnapopanga familia ipi ihamie kijiji kipi, jaribuni mchezo huu hata dakika tano.

Sasa tumekwama. Klabu yetu ni Cincinnati Reds, na beisi ya kwanza yuko Joey Votto, miaka 38, yuko hapo tangu 2007, analipwa milioni 25 kwa mwaka. Yaya anataka kumpeleka Toronto Blue Jays. Klabu zote mbili zina sababu, hilo sibishi. Kuhusu Votto yaya anasema: “Si ni kwao? Amezaliwa Toronto. Atafurahi.”

Hapo nimekataa. Sisi wote tumeshakaa kwenye mkutano ambapo mtu anatuambia kwetu kumetulia, anaongea kama anatupa zawadi, na hakuna aliyetuuliza. Kwao ni wapi kwa mtu aliyekaa Cincinnati miaka 15? Yaya akasema mimi nalia kwa ajili ya tajiri. Yawezekana.

Votto wa kweli hakuhamishwa. Misimu yake yote 17 ya ligi kuu aliichezea Cincinnati. Mkataba ulipokwisha, mwaka 2024, akasaini mwenyewe na Toronto, mkataba wa ligi ndogo, na Agosti akastaafu bila kuwachezea hata mechi moja ya ligi kuu. Yaya anasema unaona, alitaka kurudi. Mimi nasema unaona, alirudi siku aliyochagua yeye. Gemu tumeihifadhi hapo, mwisho wa Julai, na dirisha linakaribia kufungwa.