Daktari alianza na shingo

Tulimpeleka Mama hospitali kwa sababu ya kidonda cha ulimi. Daktari akaanza na shingo. Alisimama nyuma yake, akampapasa chini ya taya na kushuka hadi karibu na bega, polepole, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Mama akanitupia jicho: huyu vipi, si nimemwambia ulimi?

Kidonda kilikuwa pembeni mwa ulimi, upande ule ule aliouzoea kuweka tambuu yake kwa zaidi ya miaka 30. Hakikumuuma. Ndiyo maana alikaa nacho miezi minne, akisukutua maji ya chumvi na kulilaumu jino lililovunjika. Nami niliyekula naye kila Ijumaa sikuuliza mbona anatafuna upande mmoja. Hilo bado linanisumbua.

Alikatwa kinyama kidogo, kikapelekwa maabara. Saratani.

Nikamuuliza daktari, kwa nini shingo? Akasema seli za ngozi ya ndani ya mdomo zimeshikana, kama watoto wa chekechea wanaovushwa barabara. Mikono yao ni protini ziitwazo kadherini, jina lililotolewa na Mjapani Masatoshi Takeichi miaka ya 1980. Seli ya saratani mara nyingi hupunguza mikono hiyo, au huipoteza kabisa. Basi inawaachia wenzake, inapenya chini, inaingia kwenye mishipa ya limfu, na kituo chake cha kwanza huwa tezi za shingo. Uvimbe uliotulia mahali pamoja daktari anaweza kuukata wote. Seli zilizokwisha kuachiana ni kazi nyingine.

Kwa Mama, tezi mbili zilikuwa zimeshafikiwa. Alikatwa kipande cha ulimi na tezi za upande ule, kisha mionzi wiki sita. Leo anazungumza, ila "r" inamshinda, na wajukuu wamejifunza kumsikiliza bila haraka.

Mimi nilidhani mkosaji ni tumbaku, na yeye tumbaku aliiacha zamani. Kumbe wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanaihesabu popoo yenyewe, hata bila tumbaku, kuwa chanzo cha saratani. Nyumbani kwetu popoo ilikuwa heshima ya mgeni, basi.

Wazazi wenzangu, kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, kionyesheni kwa daktari wa meno hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.

Kijaluba cha tambuu sasa kinawekwa vifungo vya nguo. Kila Ijumaa binti yangu wa miaka 9 humwashia bibi yake tochi ya simu: "Bibi, toa ulimi." Mama hunung'unika, lakini huutoa.