Siku Moja Msimbati, Kando ya Visima vya Gesi

Nilitoka Mtwara mjini baada ya swala ya Alfajiri, nyuma ya pikipiki nimefunga sanduku la misahafu na juzuu, amana ya kamati yetu ya msikiti kwa madrasa moja ya Msimbati. Barabara hupita kati ya mikorosho na minazi, hufika Madimba, kisha hushuka kwenye mchanga mweupe wa rasi. Upande mmoja ni bahari kuu. Upande wa pili ni Ghuba ya Mnazi, maji yake yametulia, na mikoko huzidi kuwa minene kadiri uelekeavyo maingilio ya mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Tangu mwaka 2000 eneo hili ni hifadhi ya bahari, na mgeni asiyeambiwa hawezi kujua kwamba chini ya nyayo zake ipo gesi iliyowahi kuutikisa mji mzima.

Kisima chenyewe hakina makuu: uzio, mlinzi, na nguzo fupi ya chuma yenye vali zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hakuna moshi wala harufu. Gesi ya hapa karibu yote ni methani, nayo hupanda kwa msukumo wake yenyewe kutoka katika miamba ya mchanga. Huko Australia, ambako gesi huvunwa katika matabaka ya makaa ya mawe, maji hupampiwa nje kwa miezi mingi ndipo gesi ianze kutiririka. Msimbati haikuhitaji subira ya namna hiyo. Subira yake ilikuwa ya kumngoja mnunuzi.

Kampuni ya Kiitaliano ya AGIP iliigundua gesi hii mwaka 1982. Kwa kuwa hapakuwa na wa kuitumia, kisima kilifungwa, kikakaa hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2005 kampuni ya Artumas ya Kanada ilikifungua tena, ikalaza bomba jembamba hadi mjini, na mwishoni mwa 2006 gesi ya kisima kile kimoja ikaanza kufika kwenye mitambo ya umeme ya Mtwara. Visima vingine vikachimbwa, lakini mitambo ile ilihitaji sehemu ndogo tu ya gesi iliyokuwapo. Hayo ndiyo wataalamu huyaita uzalishaji wa mapema: kuanza na kidogo, karibu na kisima, kabla ya mradi mkubwa.

Sisi wa umri wangu hatukuuona kuwa ni kidogo. Kabla ya hapo umeme wetu ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na usiku mwingi tulidurusu kwa kandili, moshi ukituingia puani.

Kisha likaja bomba kubwa la Dar es Salaam. Desemba 2012 watu waliandamana mjini. Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji ulichafuka: nyumba zilichomwa, jeshi likaingia, watu wakafa. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosema gesi isitoke. Chuoni tulisoma habari ya Abyadh bin Hammal, ambaye Mtume (s.a.w.) alimpa machimbo ya chumvi ya Ma'rib, kisha akayarudisha baada ya kuelezwa kwamba chumvi ile ni kama maji yasiyokatika. Niliishika habari hiyo kuwa hoja yetu dhidi ya bomba. Nikiirejea leo naona inatubana na sisi: isiyostahiki kuwa ya mtu mmoja, itakuwaje ya mkoa mmoja? Baba yangu mdogo anakaa Kinyerezi, jirani na mitambo iliyoanza kupokea gesi ya kusini mwaka 2015. Siwezi kumwambia azime feni kwa ajili ya Mtwara.

Lawama yangu nimeihamishia kwenye ile miaka tisa, 2006 hadi 2015. Mradi ulikuwa bado mdogo, visima vinahesabika kwa vidole, na wenye mamlaka na wanakijiji wangeweza kuketi barazani wakaelewana mapema nani atapata nini. Gesi iliwahishwa, mazungumzo yakacheleweshwa.

Nilipokwisha kukabidhi sanduku nilimkuta mzee mmoja, mvuvi, akishona nyavu nje ya msikiti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Za mjini?"

Mwaka ule wa Wataliano alikuwa kijana wa kubeba mizigo yao. "Usiku walipokijaribu kisima, pwani ilikuwa kama mchana," aliniambia. "Tukasema kesho tu tunapata taa. Nilikuwa sijaoa. Taa imefika nina wajukuu."

Nilimuuliza kama inamuuma gesi kwenda Dar. Alikata uzi kwa meno kwanza. "Watu wa Dar nao ni watu. Lakini jirani huambiwa."

Alichotaka kuambiwa ni habari ya ushuru wa huduma, ile sehemu ya mapato ambayo kisheria kampuni huilipa halmashauri. Alisema hajawahi kuona hesabu yake imebandikwa mahali. Kwa kuwa mimi ni katibu, akaniomba niwaandikie barua yeye na wenzake. Baada ya Adhuhuri tuliketi barazani, wazee watano na mimi, nikaandika: ni kiasi gani kimepokelewa kutokana na visima, kiasi gani kimerudi kijijini, na hesabu hiyo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Nilikuwa nimeandika "tunadai." Mzee akasema neno hilo ni kali, liwe "tunaomba kujulishwa." Nikaandika upya ukurasa mzima, nikawasomea mara mbili. Ilipofika zamu yake ya kutia sahihi aliishika kalamu kwa muda, akaitazama karatasi, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "lirudishe lile neno la kwanza."