Sijachelewa, Nausubiri!

Msomaji wangu, leo tuongee habari za gongo. Tulia kwanza, si lile linalolaza watu mtaroni! Nasema gongo la softiboli, ule mchezo ulio mdogo wake besiboli, ambao hapa Bongo wengi bado wanauona ni mambo ya kwenye sinema. Mimi naucheza, tena kwa mapenzi yote, na kuna jambo moja nikilinyamazia nitapasuka.

Kwa asiyeujua, mambo yako hivi. Mrushaji anasimama mita 13.11 kutoka ulipo. Anazungusha mkono kama pangaboi, anauachia mpira kwa chini, pembeni ya nyonga. Mpira wenyewe una mzunguko wa sentimita 30 hivi, kama balungi dogo, na ukikupata kwenye ugoko utamkumbuka bibi yako. Wanawake wa kimataifa wanaurusha kilomita 100 kwa saa na zaidi. Unaachiwa, unafika, chini ya nusu sekunde. Hapo uwe umeshaamua!

Sasa sikia. Ukitumia mkono wa kulia kama mimi, bega la kushoto ndilo linalomwangalia mrushaji. Ukiuwahi mpira mbele ya mwili, unakwenda kushoto, na huko ndiko kwenye sifa. Ukienda kulia, upande wa besi ya kwanza, watu wanaangua kicheko: "Umechelewa!" Mipira yangu mingi ilikuwa inakwenda huko. Nikabatizwa jina, Mama Chelewa.

Utani niliuzoea. Kilichonichoma ni pale kocha mmoja aliposema mbele ya wenzangu kwamba sina nguvu, nikae benchi mpaka nijue kupiga kushoto kama wengine. We acha tu! Nyumbani wameshaniuliza mara ngapi sijui, nini faida ya mchezo usio na mshahara. Halafu na uwanjani nako niwe wa kubeba chupa za maji?

Sikubishana naye. Nikaanza kutafuta kama kweli kupiga kulia ni ugonjwa. Ndipo nikakutana na habari za Dot Richardson.

Huyu mama ni Mmarekani, na ni daktari wa mifupa. Tarehe 30 Julai 1996, mjini Columbus, Georgia, alikuwa na umri wa miaka 34 akicheza fainali ya Olimpiki dhidi ya China. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza softiboli kuchezwa Olimpiki. Akapiga kwa mkono wa kulia, mpira ukaenda kulia, ukapita karibu kabisa na nguzo ya mpaka, ukavuka uzio. Wachina wakaja juu, wakidai umetoka nje ya mstari. Waamuzi wakagoma kubadili. Pigo lile moja lilizaa pointi mbili, Marekani ikashinda 3-1 na kubeba dhahabu. Nani angemfuata yule daktari amwambie umechelewa?

Basi nikaelewa. Kuchelewa na kusubiri ni vitu viwili. Aliyechelewa, mpira umemkuta hajajiandaa, anausukuma kwa mikono kama anafukuza kuku. Anayesubiri ameshakanyaga, mguu wa mbele uko chini, macho yako kwenye mpira. Anauacha ule unaopita mbali na mwili umfikie zaidi, usawa wa paja la mbele, ndipo anaupiga.

Bega la mbele lisifunguke mapema. Mikono ipite karibu na mwili, kichwa cha gongo kiifuate nyuma, na upige ule ubavu wa mpira ulio upande wako. Lakini kiuno lazima kizunguke! Hapo ndipo wengi wanapopotea, wanadhani kupiga kulia ni kugusagusa tu. Nguvu inaanzia kwenye mguu wa nyuma, inapanda nyongani, inamalizikia mikononi. Muulize yeyote aliyewahi kutwanga kisamvu: ukitegemea mikono peke yake utachoka kabla hakijalainika. Na usilazimishe. Mpira unaokuja karibu na mwili, huo uvute kushoto, la sivyo utaumia vidole bure.

Nilichomeka bomba la plastiki kwenye ndoo ya mchanga, nikawa natega mpira juu yake, upande wa mbali na nyuma kidogo. Mapigo 50 kila jioni, majirani wakinishangaa. Nilikuwa na kipimo changu: mpira ukiruka huku unapinda kuikimbilia chaki, nimeusukuma. Ukinyooka, nimeupiga. Wiki za kwanza ilipinda karibu yote. Taratibu ikaanza kunyooka.

Na kuna siri nyingine ya mtaani. Kwa kuwa wengi wanapiga kushoto, timu nyingi za daraja letu zinamficha kulia yule asiyejua kudaka. Ukiweza kupeleka kombora huko, umewapata penye kidonda. Hata lisipofika mbali, mwenzako aliye besi ya pili anapata nafasi ya kukimbilia ya tatu.

Siku yangu ilifika kwa sababu mwenzangu aliamka na malaria. Tulikuwa na mtu besi ya pili. Dada wa kulia alinisogelea kabisa, mkono kiunoni, jina langu analijua. Ukaja wa mbali na mwili. Nikausubiri. Ukampita juu ya kichwa, na kwa kuwa uwanja wetu hauna uzio, ukaenda kusimama kwenye masufuria ya mama lishe. Tuliingia wote wawili, mimi nikiwa sina pumzi.

Kocha akanitazama, akasema: "Leo umechelewa vizuri." Nikamjibu, "Shikamoo kocha, sijachelewa, niliusubiri." Benchi sijalirudia. Mama Chelewa bado wananiita, ila siku hizi wa kulia wakiniona wanarudi nyuma hatua kumi.

Nakwambia haya kwa sababu rika letu tunaimbiwa wimbo huohuo kila siku. Umemaliza shule huna kazi, umechelewa. Huna mchumba, umechelewa. Mwenzio kapanga chumba wewe uko kwa mama, umechelewa! Wengine kweli tumelala, nakubali. Lakini kuna aliyekwisha kukanyaga, gongo liko begani, anangoja mpira wake ufike. Huyo usimcheke, na wala usimsogelee sana.

Haya, wiki ijayo Mungu akipenda. Na wewe wa kulia, kaa chonjo!