Jina Alilolibeba Hujaji

Kila mwaka, mwezi wa Mei unapokaribia kwisha, barabara itokayo Mbarara kwenda Kampala hujaa watu waendao kwa miguu, rozari mkononi na virago begani. Ni mahujaji wa Namugongo, mahali ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Miongoni mwa mahujaji wa mwaka mmoja wa karibuni alikuwamo sajini mstaafu, mwenyeji wa Isingiro, mtu aliyekwisha kupita miaka sitini. Alikuwa na mjukuu mwenye kifafa, akaweka nadhiri ya kumwombea.

Ili aungane na wenzake Mbarara, ilimpasa kwanza kukatiza makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Hapo walipokewa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Siku hizi wengi ni Wakongo, na Kiswahili husikika kila kona. Jioni ya siku ya kwanza malengelenge yalipasuka miguuni. Akapiga hodi kwenye nyumba ya udongo iliyokuwa karibu na njia, akaomba maji.

Mama wa makamo alitoka, akamwekea kigoda uani. Akamwita "Papa", kama ilivyo desturi ya watu wa kwao. Kisha akamsikiliza kwa makini alivyokuwa akisema.

"Kiswahili chako ni cha kambini," alisema.

Naam, ndivyo kilivyokuwa. Nchini Uganda lugha hii ilikaa miaka mingi midomoni mwa askari, na wapo wazee ambao hata leo wakiisikia usiku hushtuka. Mzee alikiri kwamba alikuwa askari. Mama akauliza kama aliwahi kufika Kisangani.

Swali hilo lilikuwa zito. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya mji ule, ambao haukuwa wa mmoja wao, na mamia ya raia wakauawa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria huko Kongo, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe fidia ya dola milioni 325. Lakini hayo ni mambo ya serikali na serikali. Pale uani palikuwa na watu wawili na beseni moja, na mzee angeweza kusema uongo akaondoka salama.

"Nilifika," alisema. "Nilikuwa wa mizinga."

Apigaye mzinga haoni unakoangukia. Miaka yote hiyo jambo hilo lilikuwa limempa usingizi.

Mama alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akainua dumu, akamimina maji beseni likajaa, akamsogezea miguuni.

"Maji ni ya Mungu, siwezi kukunyima," alisema. "Msamaha ni habari nyingine, usiniombe leo." Akamtajia jina la mwanawe, mtoto wa miaka saba, aliyekufa katika siku zile sita. "Ukifika Namugongo, litaje."

Mzee alilala chini ya mwembe wa jirani, alfajiri akashika njia. Mbarara alipumzika usiku mmoja chini ya kilima cha Nyamitanga, lilipo kanisa kuu, kisha akaondoka na kundi. Zamani alizoea kuhesabu hatua kama askari afanyavyo. Safari hii kila hatua alitamka jina lile, akihofia kulisahau, maana lilikuwa jina la Kikongo lisilomkaa ulimini. Alipofika kwenye ziwa dogo la Namugongo, watu wakisukumana kuchota maji, alilitaja kwanza la mtoto wa Kisangani. La mjukuu lilifuata.

Katikati ya Juni alirudi Nakivale na chupa ya maji yale. Alimkuta mama akipepeta maharage. Aliipokea chupa, akaiweka chini bila kuifungua.

"Ulilitaja?"

"Nililitaja."

"Litamke nisikie."

Mzee akalitamka. Mama akatikisa kichwa, akamsahihisha silabi ya mwisho. Akalitamka tena.