Safu ya Mengineyo

Kwa miezi saba nililipwa kusoma mihtasari ya tafiti za watu wengine na kuamua kila mmoja uingie droo ipi. Droo zenyewe ni safu za jedwali la Excel. Mada ilikuwa moja: watafiti wanawapataje watu wa kushiriki katika majaribio ya kitabibu? Dawa yenyewe haikunihusu, wala ugonjwa. Nilitakiwa kuangalia mlangoni tu: nani kaombwa, kaombwaje, kakubali au kakataa, na kwa nini.

Mama alifupisha kwa majirani: "Mwanangu anapanga karatasi." Hakuwa mbali na ukweli.

Ila nyuma ya karatasi hizo kuna shida kubwa. Nchini Uingereza, watafiti walipitia majaribio zaidi ya 100 yaliyofadhiliwa kwa fedha za umma kati ya 1994 na 2002. Chini ya theluthi moja ndiyo yaliyofikisha idadi ya washiriki iliyopangwa tangu mwanzo, na zaidi kidogo ya nusu yakaongezewa muda. Jaribio likikosa watu huweza kuisha bila jibu, na wale wachache waliokubali kuchomwa sindano wanakuwa wametoa damu yao bure. Waliochunguza namna bora ya kualika watu wapo, tena wengi, ila maandishi yao yametawanyika: hili liko kwenye jarida la saratani, lile la uuguzi, jingine la maadili. Ndiyo maana zipo kanzidata kama ORRCA, zinazoyakusanya pamoja na kuyapanga kwa mada.

Ukishayapanga, unaona yalivyo machache ya kutegemewa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalikusanya tafiti 68 zenye washiriki zaidi ya 74,000. Katika milinganisho 72 ya mbinu, mitatu tu ndiyo iliyokuwa na ushahidi wa uhakika wa juu. Wa kwanza: watu hukubali zaidi wakijua wazi watapewa dawa gani, kuliko pale ambapo huenda wakapewa kidonge kitupu bila kujua. Wa pili: ukimpigia simu aliyekaa kimya baada ya kupata barua, uwezekano wa kumpata unaongezeka. Wa tatu: kukisuka upya kijitabu cha maelezo kwa kukijaribisha kwanza kwa wasomaji hakubadilishi mambo sana. Huo wa simu ulinichekesha. Kwetu kijijini, cha ajabu ni hiyo barua. Nani anaandikiwa barua?

Kisha zikaja karatasi za huku kwetu, na droo zikaanza kukataa kufunga. Damu, kwa mfano. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa mumiani ni nini. Uvumi wa wanyonya damu umekuwepo tangu enzi za ukoloni, na mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kizima mwaka 2000. Kwenye jedwali letu, mzazi aliyekataa mtoto asitolewe damu alipaswa kuingia safu ya "Taarifa kwa mshiriki", kana kwamba kasoro yake ni kutoelewa. Sikubaliani. Sampuli husafirishwa kweli kwenda maabara za mbali, wakati mwingine ng'ambo. Anayeuliza damu ya mwanawe inakwenda wapi ameelewa vizuri tu. Nikamweka "Mengineyo".

Mama yangu mdogo anaishi mkoa wa Pwani, na mwanawe aliwahi kuingizwa katika utafiti wa chanjo akiwa mchanga. Nilimuuliza kwa nini alikubali, wakati mama mkwe wake alipinga hadharani.

"Mwanangu, mtoto akiumwa usiku kuna namba ya kupiga, na gari linakuja. Wewe ungekataa?"

"Na fomu ya ridhaa, Mama Mdogo?"

"Fomu ilikuwa ndefu. Nilimtazama nesi usoni. Ni binti wa mtaani kwetu."

Nilijaribu kuyapanga maneno yake. Gari la usiku ni "Motisha"? Motisha kwenye jedwali ni fedha kidogo au vocha. Kwake gari lilikuwa ndiyo hospitali yenyewe. Na nesi je?

Droo ya ridhaa ndiyo iliyonichelewesha zaidi, na sababu ni jaribio la FEAST. Lilihusu watoto 3,141 wa Kenya, Tanzania na Uganda walioletwa hospitali wakiwa mahututi, wana homa kali na damu haizunguki vizuri. Mama hawezi kukaa kusoma kurasa za fomu huku mtoto anakata roho. Basi palipokuwa na dharura hiyo mzazi aliombwa kauli ya mdomo kwanza, na ridhaa kamili ikafuata baadaye. Matokeo yalitoka 2011: kumiminia maji ya dripu kwa kasi, jambo lililokuwa likipendekezwa, kuliongeza vifo. Katika saa 48 walikufa takriban asilimia 10.5 ya waliopewa, na 7.3 ya wasiopewa. Jibu hilo lilipatikana kwa "ndiyo" fupi za wazazi waliokuwa wakitetemeka. Kwenye jedwali ni mstari mmoja: ridhaa iliyoahirishwa. Niliukodolea macho asubuhi nzima, kisha nikaendelea na unaofuata.

Kufikia mwezi wa tano, "Mengineyo" ilikuwa ndefu kuliko safu zote. Nikamwomba msimamizi tuigawe. Aliniruhusu kuongeza safu moja tu, nikaiita "Nani anaaminiwa". Nesi akapata pa kukaa.

Mama Mdogo alipokuja mjini nilimwonyesha kazi. Alivaa miwani, akasoma vichwa vya safu kimojakimoja kwa sauti.

"Na waliokataa mmewaweka wapi?"

Nikachuja jedwali kumtafutia. Walikuwepo, wachache, na habari zao nyingi zilikuwa zimetolewa na majirani zao waliokubali.