Kushuka Arusha Chini

Nimekulia kwenye migomba ya Kibosho, na hadi siku ile sikuwahi kushuka barabara ya TPC. Mlima unabaki mgongoni, joto linapanda, kisha pande zote ni miwa tu, ikinyweshwa na maji ya Weruweru na Kikuletwa. Kiwanda cha sukari cha TPC, ambacho asili yake ni kampuni ya Wadenmaki ya mwaka 1930, kinachoma makapi ya miwa. Mvuke unazungusha tabaini, na umeme unaozidi unauzwa kwa TANESCO.

Mzee niliyeongozana naye, fundi wa rilei tangu ujana wake, alisimamisha gari chini ya nguzo ya umeme, karibu na nyumba chache.

"Tuseme laini imekatwa huko juu kwenye kituo cha umeme, mwanangu, na kiwanda bado kinazalisha. Hapa inakuwaje?"

"Nyumba hizi zinabaki na umeme wa kiwanda peke yake, mzee."

"Na kijana aliyepanda nguzo akidhani laini imekufa?"

Hicho ndicho kisiwa cha umeme. Hatari si ya fundi tu: swichi ya kituoni ikijirudisha wakati mawimbi ya pande mbili hayajalingana, kishindo chake kinaweza kuvunja shafti ya jenereta.

Tulipofika kiwandani alitandaza mezani rilei ya mazoezi, ile inayokitoa kiwanda gridini frikwensi ikibadilika haraka, na kifaa cha kuilisha umeme wa majaribio. Akaiporomosha frikwensi kutoka Hz 50. Taa nyekundu ikawaka papo hapo. Akarudia, safari hii pole pole mno. Rilei kimya. Mzigo wa vijiji ukilingana na umeme wa kiwanda, frikwensi haiyumbi, na rilei haioni kitu.

Kuikaza rilei mno ili ishtuke upesi nako kuna hasara. Mtambo mmoja wa Bwawa la Nyerere ni MW 235. Ukizimika ghafla, mtikisiko unafika Moshi, na rilei kali itakitoa kiwanda gridini saa ileile kinapohitajika. Uingereza hayo yaliwakuta tarehe 9 Agosti 2019: mitambo midogo mingi ilijitoa, na wateja zaidi ya milioni moja wakakosa umeme. Kule kasi ya mabadiliko ya frikwensi inayoifanya rilei ijitoe, iliyokuwa Hz 0.125 kwa sekunde, imepandishwa hadi Hz 1 kwa sekunde.

Mimi naona gharama ya waya wa mawasiliano inafaa kulipwa: swichi ya kituoni ikifunguka, iamuru kiwanda kijitoe, rilei ibaki mlinzi wa pili. Mzee alikubali, ila akasisitiza kwamba hata hivyo hapandi mtu nguzo kabla ya kupima laini na kuifunga ethi. Kisha akanisogezea kile kifaa, nianze na Hz 0.5 kwa sekunde.